Mkanda Nilioukata

Miezi mitatu mimi na Chrispin, mzamiaji mwenzangu, tuligombana juu ya mahali pa kuvaa kitu kisichozidi ukubwa wa kifuniko cha kopo la maziwa. Nasema tuligombana, lakini ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyegomba. Yeye alicheka, na kicheko chake kilinichoma kuliko jibu lolote. Jina langu ni Marcelline, kikosini huniita yaya Marce, yaani dada mkubwa, na hasira zangu ziko karibu, hilo silifichi. Nilizaliwa Nguba, nyumba ya tatu kutoka majini. Nilijua kuogelea kabla sijajua kusoma, nikaamini kwamba mtu aliyefika ziwani akiwa na ndevu hana la kunifundisha.

Kitu chenyewe tulikiita ordi, yaani kompyuta. Mzamiaji hushuka nayo. Inamwambia yuko mita ngapi chini, amebakiza dakika ngapi, na akipita kina alichojiwekea inalia. Tena inapiga hesabu ya hewa iliyojazana mwilini mwake na saa zinazohitajika ili imtoke. Katika ziwa kama letu, lililo juu milimani, hesabu hiyo ni kali kuliko ya baharini, na hakuna kichwa kinachoiweza gizani. Kikosi chetu cha kujitolea kilikuwa nayo moja tu, zawadi ya mwalimu Mswisi aliyetufundisha wiki mbili akarudi kwao. Wazamiaji tulikuwa wawili, mmoja akishuka mwingine anashika kamba juu, kwa hiyo moja ilitutosha. Na hatukuwa tukizamia kwa starehe. Mtumbwi ukipinduka, sisi ndio tuliokwenda kuwatafuta watu, na mara nyingi ni kuwatafuta ili wazikwe.

Chrispin aliivaa mkono wa kushoto, kwa mkanda wa mpira uliokwisha pauka. Alijifunza kuzamia mitoni upande wa Kamituga, kwenye mashine zinazonyonya mchanga wa dhahabu, ambako mtu hushuka na mpira wa hewa mdomoni na kamba kiunoni, bila kipimo chochote. Kwake ordi ilikuwa pia pambo. Alikwenda nayo hata misani, na mama yake, Maman Godelive, aliwaambia majirani wa Kadutu kwamba mwanawe amepewa montre, yaani saa, na Wazungu.

Mimi nilikuwa na hoja zangu, na mpaka leo sioni kama zilikuwa mbaya. Kazi yetu ni ya mikono. Chini ni giza. Mkono wa kushoto umeshika kamba, wa kulia unapapasa matope. Utasomaje kitu kilicho mgongoni mwa mkono ulioshika kamba? Tena kuna nyavu zilizotupwa. Mkanda ukinaswa, mkono umenaswa. Nilitaka ordi iingizwe kwenye kasha la mpira, ining'inie kwenye bomba litokalo kwenye mtungi, pamoja na kipimo cha hewa, pale kifuani. Ukitaka kusoma, unaivuta tu.

"Yaya, ile bomba iko nakokota chini," alinijibu. "Utaitafuta mu matope sawa vile unatafuta maiti. Mukono yangu, mi najua fasi iko."

"Utakufa na hiyo bangili yako!"

Akacheka. Ndivyo tulivyozungumza, wiki baada ya wiki, mpaka Elysée, dereva wa boti yetu, akawa anatuuliza kila asubuhi kama tumekwisha kuoana.

Jumanne moja Chrispin alizamia asubuhi kwa mazoezi, mita ishirini na mbili, Elysée akimshikia kamba. Saa nne alikuwa ametoka, akavua ordi ili aoge, akaiacha mezani stoo. Mimi nilikuwa na mafua, sikio limeziba, nimekatazwa kushuka, na kukaa bure kumenichosha. Nikaiona pale. Nikachukua kisu changu nikaukata mkanda. Sikuufungua, niliukata kwa makusudi, vipande viwili, ili asiwe na cha kurudishia. Nikaibandika ordi ndani ya kasha kwa gundi, nikaiweka dirishani ikauke mpaka jioni. Nilifurahi. Nasema wazi kwamba nilifurahi.

Saa tisa alasiri tuliletewa habari kwamba mtumbwi wa makaa umepinduka na watu wawili hawaonekani. Tukakimbilia botini. Gundi ilikuwa bado mbichi, inavutika kama asali. Tulipofika mahali penyewe Chrispin alijifunga mtungi, akatazama mkono wake mtupu, kisha akanitazama.

"Yaya, uliiba montre yangu?"

"Haijakauka," nikasema, kama kwamba hilo ni jibu.

Nilipaswa kumwambia asishuke. Papa Grégoire, mkuu wetu, hakuwapo, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale. Neno moja lingetosha. Lakini kumkataza kungekuwa kukubali kwamba nilichofanya stoo kilikuwa upumbavu, na neno hilo halikunitoka.

"Batu bako mu maji," alisema. "Kule Kamituga nilikuwa nashuka bila kitu." Akaingia.

Kamba yetu ilikuwa ya mita hamsini, na sheria ilikuwa kutopita mita thelathini chini. Ila kamba haisemi kina. Mtu aweza kuwa mbali bila kuwa chini, na pale sakafu ya ziwa ni mteremko. Alivuta mara mbili, maana yake niko sawa. Kamba ikazidi kwenda. Akavuta tena mara mbili. Ilipofika mwisho wake mkononi mwangu nilivuta mara moja, simama. Ikalegea. Tulipoipandisha ilikuja bila mtu, na fundo halikuwa limekatika. Lilikuwa limefunguliwa.

Nilielewa palepale: kamba ilipokaza alidhani imebanwa. Kwenye mito ya dhahabu, kamba ikibanwa na jiwe, mzamiaji huifungua kiunoni, huikwamua, kisha hujifunga tena. Mtoni ni mita tano, mita sita. Yeye hakujua kwamba yuko kwenye arobaini au hamsini, ambako hewa ya mtungi huisha upesi na kichwa hulewa. Kitu ambacho kingemlilia kilikuwa dirishani, Nguba, kinakauka. Wale wawili wa makaa walipatikana jioni hiyohiyo, wazima, wakiota jua ng'ambo. Mtumbwi mwingine ulikuwa umewaokota kabla sisi hatujafika.

Jua lilikuwa halijazama niliporudi stoo. Nikabonyeza ordi. Ikaniandikia: nje ya maji, muda wa saa saba na dakika kumi. Nilisoma mara mbili, nikakaa sakafuni. Kwa ordi, Chrispin alikuwa ametoka ziwani saa nne asubuhi, na tangu hapo amekaa mahali pakavu, anapumua. Ilikuwa ikiitoa hewa mwilini mwake dakika kwa dakika. Zimebaki saa kumi na moja, ilisema. Usiku ule yeye alikuwa chini kule kwenye baridi, na mashine hii ilikuwa ikimhesabia mtu anayepumzika. Asubuhi nikaibonyeza tena. Ikasema mwili wake sasa uko safi, anaweza hata kupanda ndege.

Tangu hapo kamba ikaanza kunijia mkononi. Siwezi kulieleza jambo hili kwa namna ya kupendeza. Niko sokoni nimebeba mfuko wa mihogo, nahisi kwenye kiganja cha kushoto mivuto miwili, dhahiri, ya mtu anayejua anachofanya. Niko kanisani nimefumba macho, miwili. Niko nyuma ya pikipiki nimeshika chuma, miwili. Niko sawa, niko sawa. Nilianza kutembea na mkono mfukoni. Dada yangu aliniuliza kama nimeumia, nikamfokea.

Siku tisa wavuvi na watu wa kutoka Goma walimtafuta. Siku ya kumi, Alhamisi, sikio langu likiwa limezibuka, nilishuka mwenyewe na ordi kifuani, kwenye bomba, kama nilivyotaka siku zote. Nilitaka kumleta kwa mama yake. Kwa kweli nilitaka pia kuonyesha kwamba bomba ndiyo njia, nami naona haya kuyasema haya. Kamba ya kutafutia tuliifunga kwenye jiwe zito, ikapanda mpaka mkononi mwa Elysée.

Kwenye mita ishirini na tano mwanga ulikwisha. Nikalala juu ya tope, kushoto kamba, kulia napapasa: gogo, wavu, tena gogo. Kisha ordi ikalia. Nikaacha kupapasa nikashika kifua. Haikuwapo. Nikavuta bomba, likaniteleza. Mwisho wake ulikuwa umezama topeni, chini yangu au nyuma yangu, sijui. Na mlio uliendelea. Majini huwezi kujua mlio unatoka upande gani. Unakuwa pande zote. Nikageuka huku na huku, na nilivyozidi kugeuka ndivyo nilivyoona kwamba kinacholia hakiko kwangu. Kilikuwa kwa mtu mwingine, karibu, mtu aliyevuka kina chake na hajui.

Ndipo kamba ikavutwa mara mbili. Si kutoka juu. Ilivutwa upande wa jiwe.

Nilipiga kelele ndani ya mpira wa kupumulia. Nilipanda kwa kamba, mkono juu ya mkono, ordi ikinifuata inapiga yowe kwamba naenda haraka mno, na nilipofika mita tano nilijilazimisha kungoja dakika zote zilizotakiwa, nimelikumbatia lile bomba kama mtoto. Botini nilimwuliza Elysée kama alivuta.

"Hata kidogo," alisema. Alinitazama usoni, akageuza boti.

Siku iliyofuata Maman Godelive akaja kikosini. Mwanamke mfupi, amejifunga kitenge cheusi, hakukubali kiti. Alisema familia imekata shauri. Kwao, mtu aliyepotelea majini haachwi azurure bila kaburi. Hukatwa mgomba wenye urefu wake, ukavikwa nguo zake, ukalazwa kwenye sanduku na kuzikwa kwa jina lake, na msiba ukafungwa. Watafanya hivyo kesho, Kabare, kwenye ardhi ya babu yake.

"Nguo niko nazo," alisema. "Inabakia montre yake. Atavaa ku mukono. Bila ile hatamujua kama ni yeye."

Hakusema ni nani asiyemjua, nasi hatukumwuliza. Papa Grégoire alianza kueleza kwamba ordi ni mali ya kikosi, ni moja tu, bila hiyo hakuna mtu atakayeshuka tena. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akanigeukia mimi.

"Marcelline, mutoto yangu, ile siku aliiacha sababu ya nini? Ye hatokake bila montre."

"Gundi, maman," nikasema. "Ilikuwa inakauka." Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa nusu ya kitu, akaondoka.

Alipokwisha toka, Papa Grégoire alifunga mlango. Si mtu mbaya. Alifungua droo akatoa saa kuukuu ya plastiki, nyeusi, kubwa, imekufa miaka. "Umupelekee hii," alisema. "Maman hatajua. Mugomba nao hautajua. Kesho kutwa mutumbwi ingine inapinduka, utashuka na nini?"

Alikuwa sahihi, na ndiyo maana nilimchukia wakati ule. Nikaitia ile saa mfukoni mwa kushoto, na ordi, niliyoibandua kwenye kasha lake, mfukoni mwa kulia, nikaenda nyumbani. Kama ningempa mama saa ya uongo, asingeuliza tena kuhusu gundi. Kama ningempa ordi, angeiona haina mkanda. Angeuliza uko wapi, na mimi ningelazimika kusema. Hilo tu ndilo lililokuwa mbele yangu: kumwambia mama wa Chrispin kwamba mwanawe alishuka kipofu kwa sababu mimi nilitaka kushinda mabishano.

Jumamosi nikapanda Kabare kwa pikipiki. Mvua ilikuwa imepita na barabara ilikuwa uji. Nilikuta watu wamekaa kwenye mabenchi mbele ya nyumba, na ndani, chumba cha mbele, sanduku liko juu ya meza, wazi. Zagabe, mjomba wa Chrispin, ndiye aliyeuchonga mgomba. Walikuwa wameuvika suruali ya jeans na lile shati jeupe alilokwenda nalo misani. Badala ya mikono walikuwa wamechomeka nyuti za majani ya mgomba, mbichi, zimekatwa asubuhi hiyo, na ncha zake zilitokeza kwenye mikono ya shati zikidondosha maji. Hakukuwa na kichwa, ila kitambaa kimekunjwa vizuri. Nimeona maiti nyingi, nimezibeba kwa mikono yangu. Hakuna iliyonitisha kama ule mgomba.

"Uliileta?" Maman Godelive aliuliza.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mfukoni, juu ya saa ya plastiki. Nikaisubiri ile mivuto miwili. Haikuja. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile kiganja changu kilikuwa kimya, na ukimya huo ndio ulionivunja. Nikatoa ordi kwenye mfuko wa kulia.

"Haina mukanda," mama alisema.

"Niliukata mimi, maman." Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. "Asubuhi ya siku ileile. Hakuniruhusu. Tulikuwa tunabishana mahali pa kuivaa, mimi nikataka bomba, yeye mkono. Nikaukata ili niwe nimeshinda. Ndiyo maana hakuwa nayo. Angekuwa nayo ingemlilia. Nilimwona anaingia bila hiyo, nikanyamaza."

Zagabe alisimama. Mama akamzuia kwa mkono bila kumtazama. Macho yake yalikuwa kwangu, na sikuweza kuangalia pengine.

"Ile kisu iko wapi?" aliuliza.

"Ninayo."

"Utaifunga we mwenyewe."

Zagabe alitupa mbele yangu kipande cha tyubu ya pikipiki. Nikakata nyuzi mbili ndefu, maana uzi mmoja ukikatika wa pili unabaki. Hata siku ile nilifanya kazi kama mzamiaji. Nikaipandisha ordi kwenye ule uti mbichi uliotoka kwenye shati, mkono wa kushoto, nikazungusha mpira mara mbili, nikakaza. Maji ya mgomba yakanitiririka vidoleni. Ordi ikawaka.

Wanawake waliokuwa ukutani walipiga kelele, mmoja akatoka nje mbio. Mashine ile huwaka yenyewe ikiguswa na maji, haina siri zaidi ya hiyo, lakini sikuweza kulitamka.

"Inasema nini?" mama aliuliza.

"Inasema sifuri, maman. Iko tayari. Inangojea mtu ashuke."

Akasogea. Aliinama juu ya sanduku, akaitazama ordi kwa makini, kioo chake kikiwa kimeelekea juu, jinsi mtu yeyote avaavyo saa.

"Uliifunga mubaya," alisema. "Haikukuwa ivi. Igeuze ndani, huku, upande ya kiganja."

"Aliivaa hivi, maman. Nimemwona kila siku."

"Ulimuona ivyo mbele, zamani." Alishika mkono wake mwenyewe akanionyesha, ngumi imekunjwa kama imeshika kitu, sehemu ya ndani ya kifundo ikimtazama usoni. "Ile dimanche, kisha misa, alikuya kula. Akashika kamba yangu ya kuanikia manguo, akafunga macho, akazungusha montre huku na huku. Aliniambia: maman, yaya Marce ana haki, ukishika kamba huioni. Nitaigeuza ndani. Alisema mardi asubuhi, ile siku yenyewe, atazamia nayo vile. Alitaka kukuonyesha mangaribi."

Basi alikuwa amekwisha kunikubalia. Siku mbili kabla sijachukua kisu, alikuwa amesimama kwenye ua wa mama yake, macho yamefumbwa, akitafuta njia ya kunipa haki bila kuuacha mkono wake, na aliipata. Nilimuua kwa mabishano yaliyokuwa yamekwisha.

Sikulia. Nilitaka kulia, lakini mama alikuwa bado ananyosha kidole, anangoja. Nikalegeza mpira, nikaigeuza ordi ndani, upande wa kiganja, nikakaza tena nyuzi zote mbili. Mwanga wake ukaingia chini ya ule uti mbichi, dhidi ya shati jeupe, na kutoka pale niliposimama haukusomeka tena.

"Ivyo," alisema Maman Godelive. Kisha akamwita Zagabe alete misumari.